Kadi ya Ndoano ya Saba

Nilichomoa waya wa simu ukutani, nikauchomoa na upande wa pili, kwenye modemu, nikaukunja kiganjani kama mshipi, nikautia ndani ya mfuko wa mtoto, katikati ya nepi mbili safi. Usoni pa modemu kitaa kimoja chekundu kilizimika; vingine viliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Bwana Evariste, mkuu wa bohari yetu ya dawa, ambaye wote tulimwita Shefu, alikuwa amesimama kando ya meza, karatasi ya printa mbele yake. Akasema, "Zainabu, rudisha hicho." Nikamwambia, "Umesema hukuona kitu. Basi na hiki hujakiona." Nikavaa viatu, maana chumba cha mashine tulikuwa tunaingia pekupeku, nikapita mbele ya meza ya Konsolata, katibu wetu, ambaye alikuwa ameshika miwani yake kwa mikono miwili bila kuivaa, nikashuka ngazi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto wa miezi mitano. Sikupiga kelele. Watu wakisikia habari hii wanataka niwaambie nilitetemeka, au nililia njiani. Sikulia. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa na kinauma, na zaidi ya hapo sikuwa nasikia kitu mwilini.

Konsolata amekufa mwaka huu, akiwa mzee, kitandani kwake, jambo ambalo kwa watu wa umri wake katika mji huu wa Kigali si dogo. Msiba ulikuwa Kinyinya, kwa binti yake, kwenye nyumba mpya iliyozungukwa na nyumba nyingine zinazojengwa, kiasi kwamba hata siku ile vumbi la saruji lilikuwa linatua juu ya viti vya plastiki na juu ya vifuniko vya sufuria. Binti yake aliniita chumbani akanipa bahasha. "Mama alisema hii ni ya Mama Rehema, isitupwe." Ndani kulikuwa na kipande cha boksi la dawa, ukubwa wa kiganja, kimetobolewa juu, na juu yake mwandiko wangu wa shule, wino mweusi: ZAINABU, na chini yake neno moja, kisamvu. Binti yangu Rehema alikuwa amekuja nami. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha wageni, kompyuta mapajani, mtoto wake mdogo titini, anaingia kwenye mashine fulani iliyo nchi nyingine kwa sababu ilikuwa imegoma na hakuna mwingine wa kuiamsha. Hiyo ndiyo kazi yake. Akatazama kadi. "Hii nini?" Nikamwambia ni neno langu la siri la zamani. "Mliliandika kwenye boksi?" Nikamwambia tuliliandika, tukalitoboa, tukalitundika ukutani. Alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Mimi sikucheka. Niliporudi mtaani kwangu Gitega nilitoa sanduku chini ya kitanda, nikatafuta kopi ya barua ya malalamiko niliyoipeleka zamani, nikaikuta. Kwa hiyo naandika. Ya ukoo siyaandiki, wala ya baba yake Rehema. Naandika mwaka mmoja tu, wa tisini na mbili, na vyumba vitatu: chumba cha mashine, stoo ya karatasi, na ukumbi wenye ubao wa funguo.

Ofisi ilikuwa mjini, ghorofa ya kwanza, na mzigo wenyewe ulikuwa Gatsata, juu ya barabara inayotoka Nyabugogo, kwenye ghala refu lililotazamana na magereji. Kati ya ofisi na ghala kulikuwa na vizuizi vya askari. Vita vilikuwa kaskazini, lakini karatasi zetu ndizo zilizokuwa zinasimamishwa njiani. Anastaze, mtunza ghala, alikuwa analeta hesabu ya dawa kwenye faili kila asubuhi, na kuna siku alifika saa tisa mchana, faili limefunguliwa, kurasa zimechanganywa, na askari amechora ndege nyuma ya orodha ya antibiotiki. Hapo ndipo wakubwa walipoamua kwamba karatasi zisitembee tena, ziende kwa simu. Wakaleta mashine. Ilikuwa boksi la rangi ya maziwa ya siku mbili, nzito, na fundi wake aliiita seva. Wakaiweka kwenye chumba kilichokuwa jiko la ofisi, wakaziba sinki kwa ubao, wakaweka kiyoyozi. Ndicho kilichokuwa chumba pekee chenye baridi katika jengo zima. Dirishani ilibaki harufu ya mafuta ya kukaangia ambayo haikuisha mwaka mzima.

Fundi alikuwa Otieno, alitoka Nairobi. Hakujua Kifaransa wala Kinyarwanda, na ofisini hakuna aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha. Shefu alipita meza moja baada ya nyingine akiuliza nani anajua Kiswahili vizuri, na wenzangu wote wakanigeukia mimi. Mtu akitoka Gitega, tena Mwislamu, tena shangazi zake wanashona nguo, hakuna haja ya kumuuliza. Mpaka siku ile Kiswahili changu kilikuwa kitu cha kuchekwa. Walikuwa wananiita Swahili, kwa sauti ile ya kusema mtu mjanja, mtu wa sokoni. Siku ile kikawa kazi. Niliwekewa kiti chumba cha mashine, mimba ya miezi minane imesimama mbele yangu kama ngoma, na kwa wiki tatu nilikuwa namgeuzia Otieno maneno: anachosema yeye nakipeleka kwa Shefu, anachosema Shefu nakirudisha. Na mtu hawezi kugeuza asichokielewa. Ilibidi nielewe kwanza.

"Sasa dada," alikuwa ananiambia, huku anakata waya kwa meno, "waambie hivi. Yule wa Gatsata anapiga simu hapa. Seva inapokea, inamuuliza, wewe nani? Anasema jina na neno lake. Halafu inamkatia."

"Inamkatia kwa nini, kama amesema kweli?"

"Kwa sababu hata mwongo anaweza kusema kweli. Inamkatia, halafu yenyewe inapiga Gatsata. Namba iko ndani, nimeiandika mimi. Akiwa Gatsata kweli, simu italia pale, wataunganishwa. Kama ni mtu yuko mahali pengine, simu italia Gatsata na yeye atabaki anasikiliza hewa."

"Inajua namba ngapi?"

"Moja tu. Hii mashine ni kama mke mwenye wivu. Inapiga nyumbani tu."

Nilimpelekea Shefu maneno hayo bila ule mfano wa mke. Shefu akatikisa kichwa, akasema vizuri, vizuri, akauliza kama kiyoyozi kitazidisha umeme. Lile la namba moja halikuingia kichwani mwake, na mimi sikulirudia. Kikwazo kikubwa cha Otieno kilikuwa kichwa cha waya: tundu la simu la ukutani lilikuwa la umbo moja, tundu la modemu la umbo jingine, na mjini hakupata waya wa kuunganisha hayo mawili. Akakata nyaya mbili, akaziunga kwa risasi ya kuchomelea, akazifunga kwa utepe mweusi. "Huu utunzeni," aliniambia. "Huu hauko dukani." Siku modemu mbili ziliposhikana kwa mara ya kwanza, ile ya mjini na ile ya Gatsata, zilipiga mluzi kwanza kama sufuria, halafu zikakohoa, halafu kimya. Kwenye kioo yakatokea majina ya dawa zilizokuwa Gatsata. Hakuna aliyevuka kizuizi. Konsolata alikuja mlangoni, pekupeku, akaangalia, akasema kwa Kiswahili chake, "Kumbe karatasi iko napita ndani ya waya. Askari atachora wapi ndege yake?" Otieno alicheka sana. Nakumbuka kicheko hicho kuliko nakumbuka sura yake.

Kisha likaja suala la maneno ya siri, na hapa naomba nisemwe na mimi, kwa sababu kosa nililishiriki. Bohari ile ilikuwa na desturi moja iliyoshikwa kama sala: ufunguo haulali nyumbani kwa mtu. Ukumbini, nyuma ya meza ya Konsolata, kulikuwa na ubao wenye ndoano, kila ndoano na namba yake: stoo ya karatasi, kabati la sumu, gari, choo cha wageni. Jioni Konsolata alikuwa anahesabu. Ndoano moja ikiwa tupu hakuna aliyetoka. Siku moja tulikaa mpaka giza linaingia kwa ajili ya ufunguo wa choo. Sasa Otieno akasema neno la siri ni la mtu mmoja, liwe kichwani mwake, asimwambie hata mumewe. Nikageuza. Shefu akauliza, "Na akiugua? Akienda kuzaa, kama huyu? Kazi isimame kwa sababu ufunguo umebaki kichwani mwa mtu kitandani?" Nikamgeuzia Otieno, na ukweli ni kwamba niligeuza kwa sauti ya mtu anayekubaliana. Niliona Shefu ana akili. Konsolata naye akasema lake, kwa upole, huku anasuka kamba ya kadi: "Ufunguo iko ya biro, ya ofisi. Haiko ya mutu." Otieno alinitazama akingoja kuona kama natania. Kisha akasema, "Hii ni ofisi yenu." Kila mmoja akapewa kipande cha boksi. Mchana ule nilikuwa nimekula kisamvu, kwa hiyo nikaandika kisamvu. Niliandika kwa mkono mzuri, herufi moja moja, ili mtu asije akashindwa kusoma. Ndoano ya saba.

Nilijifungua, nikarudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili na nusu. Mchana mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, alikuwa anapanda kutoka Gitega na Rehema mgongoni, ananikabidhi, anakaa ngazini anasubiri. Sheria ilikuwa inampa mama saa moja ya kunyonyesha, hilo nililijua kwa sababu nililisoma, na Shefu alinipa, kwa shingo upande. Mahali hapakuwepo. Nilinyonyeshea stoo ya karatasi, juu ya katoni za karatasi za printa, mgongo kwenye ukuta wa mbao uliotenga stoo na ukumbi. Konsolata alikuwa ananipitishia igikoma, uji wa mtama, kwenye chupa ya chai yenye maua. "Kunywa yote. Maziwa haitoki kwa maji ya bomba," alikuwa ananiambia, na alikuwa anasimama mlangoni mpaka nimalize, kama muuguzi. Alikuwa mjane. Hakunieleza habari za watoto wake na mimi sikuuliza. Tulizungumza mambo ya uji: mtama wa wapi, umesagwa lini, sukari imepatikana au haikupatikana. Nikikumbuka mwaka ule naona kwamba hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuzungumza yote.

Kazi yangu kwenye mashine ilikuwa ya kuruhusu. Anastaze akiwa Gatsata aliweza kuingia kwa jina lake, akaona mzigo, akaomba utoke. Lakini hautoki mpaka mimi niingie kwa jina langu na kuandika ndiyo. Na printa iliyokuwa kando ya seva iliandika kila aliyeingia: jina, saa, na njia, mezani au kwa simu. Mimi siku zote nilikuwa mezani. Karatasi ilikuwa inashuka sakafuni kama utumbo, na jioni niliikunja nikaweka sandukuni. Hakuna aliyeisoma.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Rehema alikuwa na mafua, ananyonya kidogo, anaachia, analia, anarudi. Nilikuwa nimechoka ule uchovu ambao mtu anasikia sauti na haziingii. Ng'ambo ya mbao simu ililia. Konsolata akapokea, na sauti yake ikawa ile ya kuongea na mtu wa heshima, Kinyarwanda cha pole pole. "Ndiyo, Anastaze. Yupo, lakini ana mtoto. Ngoja. Ngoja nivae miwani." Nikasikia kamba ya kadi ikigonga ubao. "K," akasema. "I. S, kama Sezibera. A. M." Rehema alikuwa ameanza kusinzia. Nilimtazama kope. "V. U. Umeandika? Haya, asante, na kwako." Nilisikia kila herufi. Nasema hivi kwa sababu mtu akisoma habari hii atafikiri niliibiwa nikiwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilisikia jina la chakula changu likipita ukutani herufi kwa herufi, na nikawaza tu kwamba mtoto asiamke. Muda si mrefu mlango ukafunguka. Shefu alikuwa anatafuta karatasi za barua. Akaniona, kifua wazi, mtoto juu yake. Akasema samahani, akasema ni saa sita na robo na ushee na hajapata hata karatasi ya kuandikia, akafunga mlango. Nikafunga kifungo. Basi.

Jumatatu hospitali moja iliulizia dripu zake. Katoni arobaini zilikuwa zimetoka Gatsata Alhamisi mchana, zikapakiwa kwenye pikapu ambayo haikuwa ya hospitali. Anastaze alisema kwa simu, bila wasiwasi, kwamba yeye ametoa kwa sababu mashine ilimwambia atoe. Anayeruhusu ni Zainabu, waulizeni wenye ofisi. Shefu akaniita chumba cha mashine. Bi Mwajuma alikuwa ndiyo kwanza amefika na mtoto, nikamwacha ngazini na mfuko wa nepi begani mwangu. Shefu alikuwa amekunjua karatasi ya printa mpaka siku ile. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari. ZAINABU, saa sita na dakika ishirini, kwa simu.

"Dripu zimeenda kwa nani?" akaniuliza.

"Sijui."

"Jina ni la nani hili?"

"Ni langu. Lakini imeandikwa kwa simu. Mimi siingii kwa simu."

"Wewe ndiye uliyekaa na yule Mkenya wiki tatu. Wewe unajua kuingia hata ukiwa jikoni kwako." Akashusha sauti. "Unajua siku hizi ukiambiwa umetoa dripu, swali linalofuata ni umempa nani. Watu wanachukuliwa kwa kidogo kuliko hicho. Wanaitwa ibyitso, na hakuna anayewaona tena."

Neno hilo, wasaidizi wa adui, lilikuwa halisemwi ofisini. Alilisema kama mtu anayenipa ushauri. Nikamweleza, taratibu, kama Otieno alivyonieleza mimi: mashine inakata, inapiga yenyewe, na inajua namba moja tu. Aliyeingia kwa simu, awe amejiita nani, alikuwa Gatsata, kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao Anastaze peke yake. Shefu alinisikiliza. Nikaona anaelewa. Alitazama modemu, halafu akatazama kupitia mlango, ukumbini, kule kwenye ubao, na macho yake yakasimama hapo. Konsolata alikuwa chini ya ubao huo, na alikuwa ametuona tunatazama. Ningeweza kusema wakati ule nilichokisikia ng'ambo ya mbao. Nilikuwa nimeshalipanga lote kichwani, na miwani, na Sezibera. Sikusema. Niliikumbuka chupa ya uji, ile yenye maua.

Shefu akakunja karatasi. "Andika maelezo mafupi," akasema. "Sema ulikuwa umechoka, una mtoto mchanga, ukakosea kuandika. Mtu atakuelewa. Anastaze ana watu wake, mimi siwezi kumgusa. Na kuanzia kesho mtoto asiletwe hapa, hicho ndicho kilichokuharibia kazi."

"Saa sita na dakika ishirini nilikuwa stoo," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulifungua mlango. Ulitaja saa kwa mdomo wako."

Akatazama kiyoyozi. "Sasa mimi niandike kwenye karatasi ya ofisi kwamba nilimkuta mfanyakazi titi liko nje? Mimi sikuona kitu."

Ule waya wa Otieno ulikuwa karibu na goti langu, na nilichofanya nimeshakieleza. Karatasi ya printa alikuwa ameiweka mezani ili aagize kalamu, nikaichukua nayo. Bi Mwajuma aliponiona nashuka ngazi kabla ya kunyonyesha hakuuliza. Alinigeuzia mgongo nikamfungua mtoto, nikamnyonyesha pale pale kwenye ngazi ya chini, barabarani, watu wanapita. Kisha tukashuka Gitega.

Alasiri ya siku ya pili nilikuwa nachambua maharage uani nilipomwona Konsolata anaingia. Alikuwa hajawahi kufika kwangu. Kichwani alikuwa amebeba kitu kizito kimefungwa kwa kitenge, na kwenye kona ya kitenge imeandikwa chapa ya kiwanda. Bi Mwajuma akampa kigoda. Akatua mzigo, akafungua: taipureta ndogo ya ofisi. "Nimeandika kwa daftari kwamba iko naenda kwa fundi," akasema. "Zainabu. Iko mimi."

"Najua ni wewe."

"Ulijua lini?"

"Nilikuwa ng'ambo ya mbao."

Bi Mwajuma alikuwa anapepeta maharage na hakuinua kichwa. "Aliomba vizuri," Konsolata akasema. "Alisema wewe iko na mtoto, usisumbuliwe. Mimi miaka kumi na tisa nampa mutu ufunguo akiomba vizuri. Sasa tuandike kwa mkaguzi wa kazi. Wewe sema, mimi nitapiga."

Nilimwambia barua kwa Kiswahili, yeye akaigeuza na kuipiga kwa Kifaransa cha ofisi, na hapa naiweka tena kwa Kiswahili kutoka kwenye kopi. Alipiga haraka, vidole vyote kumi, mgongo umenyooka kama yuko ofisini, kuku wanapita miguuni pake. Nilipofika kwenye ile sehemu ya kadi kusomwa kwa simu nilisema, "Andika: mtu mmoja wa ofisi." Mkono wake ukasimama. Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. "Mkaguzi atauliza mutu gani," akasema. Akapiga mstari huo bila kunisubiri, na sikuona alichoandika mpaka alipotoa karatasi. Bi Mwajuma akamletea chai na chapati. Akala yote. Akafunga mashine yake, akajitwika, akasema tu, "Uji utapika mwenyewe sasa," akaondoka.

Barua niliipeleka kwa mkono, mtoto mgongoni, nikapewa muhuri wa zambarau kwenye kopi. Sikurudi bohari. Jibu halikuja. Hakuna aliyekuja kunichukua, na sijui kama ni kwa sababu ya barua au ni kwa sababu walikuwa na wengine wa kuchukua. Konsolata alibaki pale mpaka tisini na nne, wakati ambao hapakuwa na mahali pa mtu kubaki. Ya huo wakati siandiki hapa. Tulipoonana tena, miaka imepita, alinishika mikono yote miwili, akamuulizia mtoto, nikasema yupo, akasema, "Yupo," na hatukuigusa habari ya bohari siku hiyo wala siku nyingine. Sikujua kwamba ile kadi anayo. Wala sijui aliishusha lini. Barua ndiyo hii.

Kwa Bwana Mkaguzi wa Kazi, Kigali.

Kuhusu: malalamiko juu ya mkuu wa bohari ninayofanyia kazi.

Bwana Mkaguzi,

Mimi Zainabu, mwendesha kompyuta, mkazi wa Gitega, nalalamika kama ifuatavyo.

Alhamisi iliyopita, saa sita na dakika ishirini mchana, mtu aliingia kwenye mashine ya ofisi kwa jina langu akatoa katoni arobaini za dripu. Aliingia kwa simu. Mashine yetu haimfungulii mtu kwa simu mpaka impigie yenyewe, na namba inayoijua ni ya ghala la Gatsata peke yake. Mimi sikuwa Gatsata. Nilikuwa katika stoo ya karatasi ya ofisi ya mjini, nanyonyesha. Mkuu wa bohari aliniona kwa macho yake na sasa anasema hakuona.

Neno langu la siri lilikuwa limetundikwa ukutani pamoja na funguo kwa amri ya ofisi. Niliandika kadi hiyo mimi mwenyewe na sikupinga. Aliyeisoma kwa simu, kwa kuombwa na mtunza ghala, ni Konsolata, katibu wa bohari, ambaye anakubali kuitwa na kuulizwa.

Nimeamriwa niandike kwamba nilikosea kwa uchovu. Sikukosea. Nimechoka, lakini sikukosea. Nimeamriwa pia mtoto wangu asiletwe, wakati sheria inanipa saa moja.

Naomba mambo matatu. Jina langu litenganishwe na dripu hizo, kwa maandishi. Saa ya kunyonyesha iheshimiwe, kwangu au kwa atakayekuja baada yangu, na mlango wa stoo uwekewe komeo kwa ndani. Na kadi yenye jina langu ishushwe kutoka ndoano ya saba.

Naambatisha karatasi ya printa, na waya mmoja wa simu, mzima. Waya ni mali ya ofisi. Naurudisha kupitia kwako kwa sababu nataka risiti.

Zainabu, mama wa Rehema.

Imepigwa chapa na Konsolata, katibu na mtunza funguo.